Mtoto Naye Amefiwa

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni Jumapili jioni. Masomo: Yohana 11:1-15 na Esta 2:5-11)

 Ninyi mlio hapa Kitale mjini, mlio Kiminini, Endebess na Kwanza, ninyi wa upande wa Bungoma, Webuye na Kimilili, na wote mnaotusikia jioni hii mkiwa jikoni au mkirudi kukamua. Kama mnao watoto karibu, tafadhali msiwatoe nje. Maneno ya leo ni juu yao, na tumeona mara nyingi kwamba tunapoanza kusema juu ya kifo, jambo la kwanza tufanyalo ni kuwaambia watoto waende wakacheze.

Twataka kusema juu ya mtoto aliyefiwa na mzazi kwa ghafula. Mjane tunamfahamu. Umoja wa Kina Mama humwendea na unga na sukari, hukesha naye, humwimbia. Ndugu za marehemu nao hupewa mkono wa pole na kila mtu aingiaye uani. Lakini mtoto hapewi mkono wa pole. Hebu kumbukeni mazishi ya mwisho mliyohudhuria, mseme kweli: ni nani aliyeinama akampa mtoto mkono, akamwambia, "Pole kwa kufiwa"?

Katika somo letu Bwana Yesu alipata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Kisha akawaambia wanafunzi kwamba rafiki yao amelala, naye anakwenda kumwamsha. Nao wanafunzi, watu wazima wenye ndevu, hawakumfahamu. Walidhani anasema usingizi huu wa kawaida, wakafurahi, maana mgonjwa akipata usingizi ni dalili ya kupona. Ndipo Bwana alipoacha lile neno la upole akawaeleza waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Fungu hili tumelihubiri mazishini mara nyingi, lakini mahali hapo tulikuwa tukipita mbio ili tufike kwenye ufufuo. Ilibidi mtoto wa darasa la pili aturudishe nyuma tulisome tena.

Mama yake ametupa ruhusa tusimulie, ila majina tutayaacha.

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia mahindi, na ninyi mnaijua baridi ya Kitale ya mwezi huo. Baba wa mtoto huyu alikuwa mwendeshaji wa bodaboda. Aliondoka asubuhi kwenda mjini kununua mbolea, na kabla ya saa sita habari zikafika nyumbani kwamba lori limemgonga. Mtu aliyekunywa chai saa moja, saa nane yumo katika chumba cha maiti. Tulifika jioni ile. Tulisema na mjane, tukasema na wazee, tukapanga siku ya mazishi. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Tulipokuwa tukiondoka tulimwekea mkono kichwani tukasema, "Usilie sana. Baba amelala tu." Tulisema hivyo ili tumtulize yeye, na kwa kweli ili tujitulize sisi, maana tulikuwa na haraka na hatukujua la kusema.

Baba akazikwa Jumamosi, kando ya nyumba yake, kama ilivyo desturi yetu. Usiku wa nne mvua ikanyesha. Asubuhi kukhu yake alipotoka kuwafungulia kuku, aliona blanketi la mtoto limetandazwa juu ya udongo wa kaburi, limelowa chapachapa, na mawe manne yamewekwa kwenye pembe zake lisipeperushwe na upepo. Pakawa na kelele katika boma lile. Mmoja akasema mtoto amerogwa. Mwingine akatafuta fimbo, kwa kuwa blanketi lilikuwa jipya. Kukhu ndiye aliyewazuia wote wawili, akatupigia simu.

Tulimwuliza mtoto, "Nani alikuambia kwamba baba anasikia baridi?"

Akatujibu, "Wewe Pasta ulisema amelala. Mtu akilala bila blanketi anasikia baridi."

Ndugu wapendwa, sisi tumekaa chuoni miaka kadhaa tukisoma mambo ya Mungu, na tumezika watu wengi. Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimchukua tukakaa naye juu ya gogo nyuma ya boma la ng'ombe, tukamwambia maneno ambayo tulipaswa kumwambia tangu jioni ile ya kwanza. "Baba yako amekufa. Moyo wake umesimama, hapumui tena. Haoni njaa, hasikii baridi wala maumivu. Hatarudi kula nyumbani hapa. Sisi tunaamini kwamba Bwana Yesu atamfufua, lakini siku hiyo hatuijui, na si kesho. Tulikosea kukuambia kwamba amelala tu. Utusamehe."

Alinyamaza sana. Tulidhani hakusikia. Kisha akauliza kama penseli ilipatikana.

Penseli gani? Ndipo ilipotoka. Asubuhi ile alikuwa amemkimbilia baba hadi njiani akamwambia asisahau kumletea penseli. Basi katika akili yake baba alikwenda mjini kwa ajili ya penseli. Asingeomba penseli, baba asingekuwa barabarani. Mzigo huo alikuwa ameubeba siku tisa, katikati ya watu wengi waliokuwa wakila na kuimba, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Tulimshika mkono tukaenda naye ghalani. Mfuko wa mbolea ulikuwa pale. Waendeshaji wenzake waliuokota barabarani wakauleta. Tukamwambia, "Baba yako alikwenda kununua hii. Angekwenda hata kama hukuomba kitu." Akaugusa ule mfuko. Hapo ndipo alipolia, na ilikuwa mara yake ya kwanza.

Wengi waliokaa na watoto waliofiwa watawaambia jambo hilo hilo: mtoto mdogo huweza kujiona kwamba ndiye aliyesababisha kifo, kwa neno alilolisema, au kwa hasira, au kwa kitu alichoomba. Yeye hatalisema asipoulizwa. Nalo haliondolewi kwa kumwambia Mungu amempenda baba zaidi ndiyo sababu amemchukua. Neno hili twaomba liachwe kabisa katika makanisa yetu. Mtoto asikiaye kwamba Mungu huchukua watu anaowapenda ataogopa kupendwa na Mungu.

Sasa tuwaelezeni juu ya kitabu. Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwenzetu mmoja alituazima riwaya iitwayo Siku Njema, ya Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996. Twakiri kwamba tuliisoma usiku, wakati tulipopaswa kukariri vitenzi vya Kigiriki, na mtihani ulituonyesha hivyo. Wako Wakristo wanaodhani riwaya ni upuzi na kwamba mchungaji hana kazi nazo. Lakini Bwana wetu alipotaka watu wamjue Baba alisimulia habari za mtu mwenye wana wawili, na mdogo akiwa na nguruwe. Baada ya siku ile ya gogo na ghala tulikitafuta kitabu hicho tena. Wengi wenu mlikisoma shuleni, maana kilikuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari, na huenda mnakumbuka maswali ya mtihani kuliko mtoto mwenyewe.

Ni habari ya kijana Msanifu Kombo, ambaye kwa ufundi wake wa lugha alipewa jina la Kongowea Mswahili. Mama yake ni Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab mjini Tanga. Baba yake hamjui. Mama anapokufa, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, na maisha hayo si mepesi. Mwisho anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba. Mwisho wa safari hatutausema, asiyekisoma akitafute.

Tulipokisoma tukiwa vijana tulipenda ile safari. Safari hii, tukiwa na mtoto wa blanketi moyoni, tuliona mambo ambayo zamani hatukuyaona. La kwanza, kwamba majonzi ya mtoto si machozi tu. Sisi humtazama mtoto baada ya mazishi, tukiona anakimbiza mpira twasema, "Mtoto ni mtoto, amekwisha sahau." Hakusahau. Majonzi yake hutoka kwa mlango mwingine: hukojoa kitandani, hupigana shuleni, hukataa kula, ama huwa mwema kupita kiasi, akiogopa kwamba akiudhi mtu, huyo naye atakufa. Majonzi ya Kongowea yalitoka kwa miguu. Alikwenda.

La pili latugusa zaidi. Mama alipokufa, hakufa peke yake. Zilikufa pamoja naye habari za mtoto mwenyewe: alizaliwa vipi, baba ni nani, kicheko hiki amekirithi kwa nani. Mzazi ndiye anayetunza hadithi ya mtoto kabla mtoto hajaweza kuitunza mwenyewe. Sisi hapa kwetu, mtu akifa kwa ghafula, twaona ni heshima kutomtaja. Picha yake inageuzwa ukutani. Jina lake likitajwa mezani, watu hukohoa. Twadhani twamlinda mtoto, kumbe twamzika baba yake mara ya pili.

Na mnajua jina la kitabu limetoka wapi. Ni methali isemayo siku njema huonekana asubuhi, na walimu wetu wameipenda sana. Lakini mtoto ambaye asubuhi yake imekuwa giza afanye nini na methali hiyo? Je, tumwambie siku yake imekwisha kuharibika saa moja asubuhi? Kijana yule wa riwaya anaishi maisha ya kushindana na methali, na kwa jambo hilo peke yake twamshukuru mwandishi.

Mwandishi huyo alikuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia huku Trans Nzoia. Jina la ukoo wake lilikuwa Waliaula, naye akajiita Walibora. Alikuwa mtangazaji wa runinga, akawa mwalimu wa vyuo vikuu, na alipoandika habari za maisha yake mwenyewe aliziita Nasikia Sauti ya Mama. Tazameni: mtu mzima, msomi, amekwenda mpaka Marekani na kurudi, na anapotafuta jina la maisha yake anaiandika sauti ya mama.

Tarehe 10 Aprili 2020 aligongwa na gari katika barabara ya Landhies, Nairobi, akafa. Siku ile ilikuwa Ijumaa Kuu. Mnakumbuka Ijumaa Kuu ile. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona. Sisi wachungaji tuliongoza ibada tukiwa tumekaa mbele ya simu. Siku kadhaa zilipita kabla watu wake hawajajua alipo. Mwezi huo huo akaletwa nyumbani Trans Nzoia, akazikwa na watu wachache, kama amri ilivyokuwa. Mtu ambaye maneno yake yalisomwa na maelfu ya watoto hakuweza kusindikizwa nao.

Twasema haya kwa sababu ya watoto wengine wa siku zile. Mwaka 2020 na 2021 wako watoto walioona mzazi akipelekwa hospitali na wasimwone tena. Mazishi yalikuwa ya haraka. Matanga hayakuwepo, kesha haikuwepo, pengine mtoto hakuruhusiwa hata kukaribia kaburi. Aliyekuwa na miaka tisa siku zile sasa ni kijana. Twaongea nao katika darasa la kipaimara. Wanakariri Amri Kumi vizuri, na tukifika kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama, wako wanaotazama chini. Hakuna aliyewahi kuwaambia pole. Pole ya miaka hiyo haijachelewa, mzazi au mwalimu unayetusikiliza. Waweza kuitoa kesho.

Sisi Wabukusu tunayo desturi ya kumuse. Mzee wa heshima akiisha kuzikwa, msemaji huja, watu huketi kimya, naye hutembea mbele yao akisema nao tangu mwanzo wa watu wetu, akiwaonya na kuwatia moyo walio hai. Ni desturi yenye hekima, maana wazee walijua kwamba waliofiwa wanahitaji kusemeshwa na si kulishwa tu. Lakini kwa kawaida kumuse ni ya wazee. Kijana wa bodaboda aliyekufa barabarani hana kumuse, na mtoto wake hana wa kumsemea. Badala yake, siku ya tatu au ya nne, maneno yanayosemwa uani ni juu ya shamba, na ng'ombe, na pikipiki ile iliyoharibika itauzwa kwa nani. Mtoto anasikia yote hayo akiwa mlangoni. Anajiuliza: na mimi je, niko upande wa ng'ombe?

Twende kwa Esta. Tumezoea kumhubiri akiwa malkia, amevaa taji. Lakini Maandiko yamtaja kwanza kuwa mtoto asiye na baba wala mama. Mordekai, aliyekuwa binamu yake, alimchukua akamfanya binti yake mwenyewe. Hatuambiwi kwamba alitoa hotuba. Twaambiwa kwamba msichana alipopelekwa katika nyumba ya mfalme, Mordekai alikuwa akienda kutembea karibu na ua walimokaa wanawake, siku baada ya siku, kusudi apate habari zake. Hakuruhusiwa kuingia. Hakuwa na la kumpelekea. Alipita tu, akauliza, "Hajambo?" Kesho yake tena.

Kanisa letu lina nguvu sana siku ya mazishi. Tuna kwaya, tuna viti, tuna vipaza sauti, tuna masufuria makubwa. Siku ya arobaini nguvu hizo zimekwisha. Na kwa mtoto, siku ya arobaini ndiyo kwanza anaanza kufahamu kwamba baba harudi, maana hata safari ndefu ingalikuwa imekwisha. Wakati huo ndipo Mordekai anapohitajika. Si lazima awe mchungaji. Aweza kuwa senge, au khocha, au mwalimu wa shule ya Jumapili, au jirani mwenye ng'ombe anayempa mtoto kazi ya kushika kamba. Mtu mmoja anayepita na kuuliza, na akiulizwa juu ya kifo ajibu kweli kwa maneno mepesi, na asipojua aseme hajui.

Kwa mtoto wetu wa blanketi, Mordekai walikuwa wengi, na sisi hatukuwa wa kwanza. Wale waendeshaji wenzake wa baba, vijana ambao wengine wenu mnawaogopa kwa kelele zao, walipatana pale stendi yao. Kila Jumamosi mtoto anapotumwa dukani, mmoja wao humwita na kumweleza jambo moja alilolijua juu ya baba yake: aliendeshaje pikipiki kwenye matope, alimsaidia nani kulipa karo, alipenda wimbo gani. Habari moja tu kwa Jumamosi moja, wasije wakazimaliza mapema. Penseli nayo waliinunua. Wakaleta boksi zima.

Juzi tulipita pale nyumbani. Blanketi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba pamoja na nguo nyingine. Mtoto akatukimbilia akatueleza habari ambayo sisi, tuliomzika baba yake na kusoma wasifu wake mbele ya watu, hatukuijua kamwe: kwamba baba yake, mtu mrefu kama mlingoti, alikuwa anamwogopa bata mzinga wa jirani, na akimwona njiani alizunguka na pikipiki kupitia upande wa pili. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake alikuwa mlangoni akisikiliza. Naye akacheka.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyelia mbele ya kaburi la rafiki yako na hukuwaficha wanafunzi wako kwamba amekufa, usiku huu yuko mtoto ambaye hajalala. Yuko peke yake na jambo ambalo hajamwambia mtu. Wewe walijua. Umwamshe mmoja wetu amwendee kesho, naye utupe maneno ya kweli na muda wa kukaa. Amina.